Pesa Itakayoitwa Kelapile

Jumatatu, 1 Septemba 1975
Redio imesema nchi yetu inaanzisha benki yake ya taifa. Kwaheri randi ya jirani! Tutakuwa na pesa yetu, na wananchi tupendekeze jina. Hapo hapo nikaona njia. Iitwe Kelapile, yaani mimi. Mjomba wake Boitshepo, msichana nimpendaye, amekataa kunioza kwa sababu sina ng'ombe. Haya, mtu aliye kwenye mfuko wa kila Mtswana utamnyima mke?

Jumatano, 3 Septemba
Nimewalisha wazee mbuzi wa mama ili waniunge mkono. Mama nimemwambia kaliwa na fisi. Modiega kinyozi, anayemmezea mate Boitshepo wangu, kasikia mpango. Anauliza kila mteja: Kelapile si maana yake "nimechoka"? Sasa mshahara ukiitwa Nimechoka, utafika mwisho wa mwezi kweli? Mshenzi! Yeye anataka iitwe Pula. Mvua! Kwenye ukame huu!

Ijumaa, 5 Septemba
Baraza kwa kgosi, chifu wetu. Ofisa wa Gaborone kaeleza kwamba nchi ikijitawala hutunga sheria, huteua gavana, hufungua benki yake. Zambia wanayo, Malawi wanayo. Sikumsikiliza sana, nilikuwa narudia hotuba yangu moyoni.
Nikasimama. Jamani, nilisema! Wazee wakatikisa vichwa kukubali, mbuzi anafanya kazi. Halafu mdomo huu, laana! Huku kwetu hotuba haiishi bila lile neno. Nikapaza sauti: Pula! Baraza zima likaitikia: Pulaaa! Vigelegele. Ofisa akauliza kama hilo ndilo jina tulilochagua. Wote wakasema ndilo. Akaandika.
Modiega kaja kunishika mkono. Eti asante Rra, bwana wangu, hata ndugu yake wa damu asingempigia debe hivyo. Nimelia nyuma ya zizi.

Jumapili, 7 Septemba
Mjomba wa Boitshepo kaniita. Nikavaa koti. Kasema hotuba yangu ilimgusa, hasa mwisho. Boitshepo anamwoza kwa Modiega, aliyelileta jina. Mimi, kwa ufasaha wangu, niwe msemaji wa harusi.
Mama naye kamjua fisi ni nani. Sijala tangu asubuhi.

Jumatatu, 8 Septemba
Redio imesema sarafu ndogo bado hazina jina. Nimeona njia! Harusini watakuwepo wakubwa, na msemaji ni nani? Mimi. Boitshepo atanisikia, atajuta, ataghairi. Nimejaribu hotuba mbele ya kioo mpaka mwisho: na sarafu iitwe Kelapile! Pula!
Imekaa vizuri sana.