Vihisio Vinne, Jina Moja

Taarifa ya habari ya saa moja asubuhi ndiyo iliyoniponza, maana bila hiyo ningekula chapati yangu ya yai kimyakimya nikaenda zangu kazini. Kwenye televisheni ya mgahawa wa Mama Lian, hapa mjini kwetu Gangshan, walionyesha kiwanda kimoja cha samani huko kaskazini. Wezi wamepenya kwenye mtandao wao, wamefunga michoro yote, na wafanyakazi mia tatu wamekaa nje wanapunga upepo.

"Kwetu hilo haliwezi kutokea," nikasema. Hakuna aliyekuwa ameniuliza.

Mita akaweka chini vijiti vyake vya kulia. Mita ni dereva wa teksi, na jina hilo amelipata kwa sababu mita ya gari lake ina mawazo yake binafsi. "Haya, Injinia kaamka," akasema. "Kwenu wezi wanaogopa nini? Sura yako?"

Nikavuta kiti, nikawapa somo. Kampuni yetu ya parafujo ina viwanda vinne, na kila kiwanda nimekiwekea kihisio, yaani kisanduku kinachochungulia kila kinachopita kwenye nyaya za mtandao na kupiga kelele kikiona mgeni. Lakini kisanduku kupiga kelele peke yake pembeni hakumsaidii mtu. Kwa hiyo nimesimika seva kuu hapo makao makuu, vihisio vyote vinaripoti kwake, na ikitoa amri moja vyote vinatii. Niliyasema hayo mkono ukiwa kifuani. Sikusema kwamba nilikuwa nasoma maelekezo huku nasimika.

Mzee Parafujo, aliyesimama kwenye mashine za kiwanda chetu cha pili miaka thelathini na moja mpaka sikio la kushoto likaaga dunia, akasema hilo analielewa. Ni kama hekalu mama na matawi yake, matawi yanakuja kuchota majivu ya ubani na kutoa heshima. Nikamwambia ndiyo hivyo hivyo. Akasema basi tuonyeshe hayo matawi.

Nikatoa simu, nikafungua ukurasa wa seva. Ilikuwepo nukta moja ya kijani.

"Umesema vinne," akasema Dada Paja. Huyu anapika vyakula vya mchana vya paja la kuku na kuvipeleka kiwanda chetu cha tatu kila siku. "Mbona mimi naona kimoja?"

"Huo ndio utaalamu wenyewe, dada. Vinne vimeungana vikawa kitu kimoja."

"Ndoa yangu nayo iliungana hivyo hivyo," akasema Mita. "Nikaja kugundua nimo peke yangu."

Nilicheka nao. Maneno hayo hayo ya kuungana ndiyo niliyompa Mwenyekiti Kho, mkuu wa kampuni yetu, siku kumi na moja nyuma, na yalimpendeza hadi akayaweka kwenye hotuba yake. Hotuba yenyewe ilikuwa ya asubuhi ile ile, saa tatu, mbele ya mkaguzi kutoka Ujerumani wa kampuni inayonunua theluthi ya parafujo zetu. Mkaguzi alitaka kuona kwa macho yake kwamba viwanda vyote vinne vinalindwa. Mwenyekiti alikuwa ameniambia kwa upole, na upole wake ndio mbaya, kwamba nikichemka nitafute pengine pa kuipeleka shahada yangu.

Mama Lian akaita kutoka jikoni: "Mtanashati, keki yako ya figili tayari."

Kwa mama wa mgahawa wa asubuhi kila mwanaume ni mtanashati, hata Mzee Parafujo mwenye meno mawili. Tukasimama wanaume wote watatu. Mama Lian akabaki na sahani moja mkononi, anatutazama, mwisho akampa aliyekuwa karibu. Alikuwa Mita, ambaye hakuagiza keki.

Wenzangu wakakaa. Mimi sikukaa.

"Unaumwa?" akauliza Dada Paja.

"Vyote nimevipa jina moja," nikasema. "Vinaitwa jina moja vyote vinne."

Ikabidi niseme ukweli. Siku ya kuwasha mitambo, Mwenyekiti aliangalia almanaka, akakuta saa ya heri ni kati ya saa tano na saa saba mchana, akaagiza mitambo ya viwanda vyote iwashwe ndani ya muda huo. Mimi ni mtu mmoja. Nikaandaa kisanduku kimoja, nikakipa jina na kitambulisho chake, halafu nikanakili diski yake kwenye vile vitatu na kuvituma kwa pikipiki. Viliwaka ndani ya saa ya heri, fataki zikapigwa, nikapigwa picha. Ila kwa seva, kipo kihisio kimoja tu kinachoitwa Nambari Moja. Kinachozungumza mwisho kinamsukuma mwenzake nje.

"Kwa hiyo siku kumi na moja," Dada Paja akasema taratibu, "viwanda vitatu havina mlinzi?"

"Walinzi wapo, na wanapiga kelele. Seva inadhani ni mtu mmoja anahamahama."

"Na wewe ulipoona nukta moja ulifikiri nini?"

"Nilifikiri imependeza."

Mzee Parafujo akatikisa kichwa. "Umechonga sanamu nne za mungu, ukaifanyia moja tu ibada ya kuifungua macho. Hizo tatu ni kuni, mwanangu."

Dawa yake ilikuwa ndogo. Unafuta kitambulisho kilichonakiliwa, unakisajili kihisio upya kwa jina lake, dakika kumi zimetosha. Tatizo ni kwamba lazima mtu akae mbele ya kisanduku chenyewe na kuingia kwa neno langu la siri, na viwanda viko mbali mbali, cha nne kiko huko Luzhu. Nilikuwa na saa moja na nusu. Nilihesabu njia mara mbili, ikagoma mara mbili, na nasema bila haya kwamba machozi yalinilenga.

"Andika hilo neno la siri," akasema Dada Paja.

"Siwezi, dada. Ni siri."

"Basi baki nalo. Utalitumia kuombea kazi nyingine."

Nikaliandika kwenye tishu tatu za Mama Lian, mimi msimamizi wa usalama wa mtandao. Mita akaelekea Luzhu. Mzee Parafujo akaenda kiwanda cha pili, na mlinzi wa getini akampigia saluti. Dada Paja akafunguliwa geti la kiwanda cha tatu bila swali, waliomwona walidhani chakula cha mchana kimewahi. Mimi nikiwa kiwanda cha kwanza, palipo makao makuu, nikawasomea amri kwa simu herufi kwa herufi, na Mzee nilimsomea mara nne mpaka alipohamishia simu sikio zima.

Saa tatu kasoro dakika tano, ukurasa wa seva ulikuwa na nukta nne za kijani. Sijawahi kufurahi vile, hata siku ya kuhitimu.

Mkaguzi alikuwa mama mwembamba asiye na maneno mengi. Mwenyekiti akasimama, akasoma kwamba vihisio vyetu vinne vimeungana kuwa kimoja. Akainua macho kwenye skrini kubwa, akakuta nukta nne, akakohoa. Kabla hajamaliza kukohoa, skrini ikawa nyekundu.

Lilikuwa onyo la kwanza katika maisha ya ile seva. Ilisema kwamba akaunti ya mfanyakazi mmoja imeingia kwenye viwanda vinne ndani ya nusu saa ile ile, jambo lisilowezekana kwa binadamu, na huenda neno lake la siri limevuja. Chini yake kulikuwa na jina langu kamili, mara nne.

Mkaguzi akanigeukia. "Huyu ni wewe?"

"Ni mimi."

"Wote wanne?"

Mwenyekiti akaikunja hotuba. Nikaeleza yote, tishu, teksi, na paja la kuku. Yule mama aliandika muda mrefu. Akasema amekagua viwanda vingi na hajaona mtambo uliomnasa mhalifu haraka namna hii, kwa hiyo vihisio vyote vinne na seva yake vimepita na oda inaendelea. Kisha akaomba mhalifu anyang'anywe funguo zote kabla ya chakula cha mchana.

Siku hizi niko kiwanda cha pili, napima parafujo kwa kilo na kufunga maboksi. Kesho yake baada ya ukaguzi, nilipofika kwa Mama Lian walinisalimia kwanza kwa adabu. Adabu hiyo ilidumu mpaka nilipokaa.

"Mtambo wa kwanza uliousimika vizuri maishani mwako," akasema Mzee Parafujo, "na kazi yake ya kwanza ni kukukamata wewe."

"Ndiyo, mzee," nikasema. "Na ulinikamata bila kosa hata moja."