Bapa la Nne la Bi Thuwaiba

Mafuriko yalipoifagia barabara ya bondeni, ile ya kupandia mlimani, watu wa Nizwa walisema innalillahi. Sulayyim bin Ghasib alisema alhamdulillahi, ila alisema kimoyomoyo, maana alikuwa mtu mwenye adabu zake.

Barabara ilibaki mawe matupu, mengine makubwa kama jokofu. Pikapu ya mfuga mbuzi ikifika pale, hupandisha gurudumu moja juu ya jiwe, na la pili hubaki limening'inia hewani kama mguu wa mbwa aliyeona nguzo. Safari imekwisha. Ubaya ulikuwa kwenye springi. Springi za bapa hupangwa bapa juu ya bapa ili zibebe mzigo, na kubeba zinabeba, lakini kujipinda hazitaki. Ijumaa ile kwenye mnada wa mbuzi hata bei ya mbuzi haikutajwa sana. Ilikuwa springi, springi, springi.

Sulayyim alisikiliza huku akinywa kahawa ya watu wengine. Akasikia harufu ya riziki.

Ijumaa iliyofuata alitandika mkeka pembeni ya mnada, akaweka birika la kahawa na sahani ya tende, akaegesha pikapu yake nyeupe mbele ya mteremko wa chuma aliouchomelea mwenyewe. Nyuma yake madebe arobaini ya mafuta ya papa yamepangwa kama askari.

"Jamani, springi ni kiuno!" alianza. "Kiuno cha mzee hakikunjiki kwa nini? Kimekauka!"

"Kiuno changu kiache kilivyo," mzee mmoja akajibu, watu wakacheka.

"Nakiacha, ami, Mungu akuhifadhi. Lakini gari lako je? Haya ni mafuta ya papa, yamechemshwa na ubani siku saba. Chuma kikiyanywa kinalainika. Msiamini mdomo wangu, aminini macho yenu."

Kuhusu mdomo wake alisema kweli, na apewe haki yake.

Akapandisha gurudumu moja la mbele kwenye ule mteremko. Lilipofika usawa wa goti, gurudumu la nyuma likainuka kutoka ardhini. Akapiga mstari wa chaki. Kisha akaingia uvunguni na debe, na brashi, na spana ambayo hakuitangaza, akakaa humo muda wa mtu anayesali na kuomba dua ndefu. Alipotoka na kupanda tena, gurudumu lilifika usawa wa kifua na mengine matatu yote yamekanyaga ardhi. Mashallah zikapigwa mpaka mbuzi wakashtuka.

Kule uvunguni alikuwa amefungua kile chuma cha kuzuia gari lisiyumbe, akalegeza na vibana vilivyozikaba bapa. Mafuta aliyapaka kwenye tairi, yanuke.

Wa kwanza kununua alikuwa Harub, tajiri wa mbuzi, mtu ambaye akikupa salamu unahisi anataka chenji. Alinunua madebe sita, moja la gari lake, matano ya kuwauzia mashemeji kwa bei maradufu.

"Gari niachie siku mbili," Sulayyim alimwambia. "Dawa haipendi haraka."

Katika siku mbili hizo Sulayyim alifanya kazi ya kweli, na hii ndiyo aibu aliyoificha kuliko wizi wake. Alizifungua springi, akakwangua kutu kati ya bapa na bapa, akapaka grisi, akatia bushi mpya za mpira. Bapa mbili fupi nene za kila upande, zile zinazoifanya springi iwe kaidi, akazitoa na kuzipeleka kwa wafua visu. Hakuna chuma kinachotoa kisu kizuri kama springi kuukuu, na nusu ya mbuzi wa Idi wa mji ule huchinjwa kwa pikapu za watu. Basi akala huku na huku. Gari likajipinda kama nyoka, Harub akafurahi. Hakuwa amelipakia mbuzi bado.

Jumatano akaja Bi Thuwaiba. Alikuwa mjane wa fundi chuma, mfupi, barakoa yake imekaa upande, anaendesha pikapu ya aina ileile ya Sulayyim, ila ya kwake ilikuwa inalia kila kiungo. Akaketi mkekani, akapewa kahawa.

"Mwanangu, nimesikia una mafuta."

"Ninayo, mama. Nyuma tu, au mbele na nyuma?"

"Nyuma. Lakini bapa zangu usiziguse. Ziko saba kila upande, nazihesabu kila asubuhi kama kuku. Hasa la nne la kulia."

"Lina nini la nne?"

"Aa, mambo ya marehemu." Akanywa funda. "Lilitokana na upanga wa babu yake. Alipokosa bapa siku moja, akaukunja, akautia humo. Mfua visu mmoja wa Bahla alikuja na riali mia nne mkononi. Nikamfukuza. Mimi niuze upanga wa marehemu?"

Kikombe cha Sulayyim kilisimama katikati ya safari.

"Haki yako, mama," alisema kwa sauti ya msibani. "Vitu kama hivyo havina bei."

"Kesho alasiri nalifuata gari. Na nitahesabu."

Akatikisa kikombe chake, ishara kwamba ametosheka, akaenda zake.

Alhamisi, baada ya wali wa adhuhuri, mji mzima ukalala usingizi wa mchana. Sulayyim hakulala. Akatia jeki, akafungua senta bolti, ile inayozifunga bapa pamoja, akalitoa la nne la kulia. Jeusi, zito, limejaa masizi. Akalibusu.

Sasa, bibi atahesabu. Ziwe saba. Bapa la kuziba pengo litatoka wapi? Gari lingine la aina hii hapo karibu lilikuwa moja tu, la kwake. Akatoa lake la nne, akalitia. Akashusha jeki, pikapu ya bibi ikainama kushoto kama mtu aliyevaa kiatu kimoja, maana bapa lake lilikuwa zima na zile nyingine zimechoka. Akatoa springi nzima ya kulia, akatia ya kwake. Ikainama zaidi. Akasema potelea mbali, akabadilisha na ya kushoto. Zilikuwa springi alizozitengeneza miezi mitatu, bapa nyembamba nyingi, kila moja amelisaga ncha kwa mkono, mikono ya kuning'inizia mirefu, bushi laini. Gari lake akalivika matambara ya bibi, na penye pengo akasukumia kipande cha ubao.

"Kwa riali mia nne," alijiambia huku jasho likimwingia machoni, "nitanunua seti kumi."

Bi Thuwaiba alikuja alasiri, akainama, akahesabu. "Saba, saba. Mungu akulipe unachostahili, mwanangu."

Kabla vumbi lake halijatua, Sulayyim alikuwa kwa mfua visu. Mzee yule aliligonga bapa kwa nyundo. Chuma cha springi huimba. Hiki kilisema *tok*.

"Umelitoa wapi?"

"Ni upanga."

"Upanga wa nani, wa seremala? Hiki ni chuma cha lango, Sulayyim. Tazama tundu la komeo hili hapa. Kumbe Bi Thuwaiba ndicho alichokuja kukikunjia kwangu juzi! Nikamwambia hakitabeba hata kuku. Akasema hakihitaji kubeba."

Angetoroka usiku uleule, lakini kwa springi zile, na ubao ule, angefika wapi?

Ijumaa umati ulikuwa mara tatu ya ule wa kwanza, kwa sababu mashemeji wa Harub walikuja na wao wana mashemeji. "Panda! Panda!" wakapiga makofi. Sulayyim akasoma dua alizozijua, akapanda. Gurudumu la mbele lilipofika usawa wa kifundo cha mguu, la nyuma likanyanyuka, ubao ukapasuka *paa*, na pikapu ikateleza kando ya mteremko, ikakaa upande ikilia kama mtoto anayeachishwa ziwa.

"Ongeza mafuta!" mtu akapiga kelele.

"Mafuta gani?" Huyo alikuwa Harub, anakuja na jasho. "Nimepakia mbuzi kumi na wawili, gari limepiga magoti kama ngamia! Nimeinama kutazama, bapa mbili hazipo kila upande! Mwizi wewe! Polisi ni hapo tu ng'ambo!"

Watu wakasogea. Walisogea ule msogeo usio wa kununua.

Hapo ikasikika injini. Bi Thuwaiba alitokea bondeni, juu ya mawe, mbuzi sita nyuma, magurudumu yake yakipanda na kushuka kila moja kivyake kama vidole vya mtu anayepiga kinanda. Hakusimama. Akapita katikati ya watu, akapanda ule mteremko wa chuma mpaka mwisho wake, akashuka kinyumenyume. Mbuzi hata hawakuacha kutafuna.

"Mama, mafuta ya nani hayo?" Harub akauliza, hasira imemsahau.

Bi Thuwaiba akazima injini, akashuka. Akaja, akaketi mkekani kwa Sulayyim. Na mgeni ameketi, mnada wote unatazama, utafanyaje? Sulayyim alimmiminia kahawa. Bi Thuwaiba akakipokea kikombe. Akakiweka chini. Hakunywa.

Mgeni akiweka kikombe chini ana haja, na mwenyeji anayeiacha kahawa ya mgeni ipoe atasemwa na watoto ambao hawajazaliwa. Sulayyim alimtazama Harub, akatazama upande wa polisi, akatazama kikombe kinavyotoa mvuke.

"Kunywa kahawa yako, mama," alisema kwa unyonge. "Haja yako imekubaliwa."

Akanywa taratibu, funda dogo dogo, mpaka chini.

"Kwanza, kila bapa ulilolichukua utalirudisha. Kisha karakana ya marehemu imefungwa miaka miwili, mafundi wote wamekimbilia Maskati. Utaifungua wewe. Springi za watu wote hawa utazitengeneza kama ulivyotengeneza hizi zangu, na mafuta ya papa hata tone nisiyaone."

"Mimi nilikuwa nampeleka polisi!" Harub alilalamika.

"Mpeleke, sheikh. Halafu springi zako atakufungia polisi?"

Harub alifikiri. Mbuzi kumi na wawili walikuwa wanalia juani. "Aanze na langu," alisema.

Walipokuwa wakizipakia spana, Sulayyim hakuweza kujizuia. "Mama, ulijuaje kama nina ufundi? Si ulisikia habari za mafuta tu?"

"Niliingia uvunguni mwa gari la Harub alipokuwa msikitini. Mwizi kaiba bapa nne, lakini kutu kaikwangua mpaka pasipoonekana na mtu, na bushi katia mpya. Nikasema huyu mikono yake mizima, mdomo ndio mgonjwa."

Karakana iko wazi mpaka leo, na pikapu za mlimani hupanda mawe yale kama ngazi. Mteja mgeni akiingia, Sulayyim huvuta pumzi, hufungua mdomo, na Bi Thuwaiba hukohoa kidogo tu kutoka kwenye kiti chake. Mdomo hujifunga, spana hushikwa.

Ila lango la zizi la bibi bado lina pengo la chuma kimoja, maana kile chuma amekataa kukirudisha. Amekitundika mlangoni mwa karakana. Mbuzi hupenya pale kila alasiri kuelekea mashamba ya watu. Na anayewakimbiza, grisi mpaka viwikoni, mnamjua.