Kinyume cha "Gave"

Ebo Tandoh hakuwa na kazi, ila alikuwa na shati jeupe, na pale Takoradi, Ghana, shati jeupe lililopigwa pasi huaminiwa kabla mwenyewe hajafungua mdomo. Siku hiyo alikuwa anapita zake mbele ya shule ya wasichana, anatafuta wa kumnunulia kenke, lile donge la unga wa mahindi, na samaki, akawaona wauza vitenge, mama za wanafunzi, wamejazana getini. Mtihani wa taifa ulikuwa unakaribia. Nyuso zao zilikuwa za watu walio tayari kuibiwa, mwizi tu ndiye amechelewa.

"Mama zangu, mbona mmekaa kama mnaomba mvua?"

"Mvua ya nini? Tunaomba Kiingereza," akajibu Ekua Bentil. Binti yake, Araba, alitaka uuguzi, na asiyefaulu Kiingereza hashiki sindano ya hospitali, labda ya kushonea.

Ebo akatazama kushoto, akatazama kulia, akamvuta Ekua pembeni.

"Dada, nina binamu yangu mahali wanapotunga mtihani. Mwaka huu kwenye vinyume wameweka kitendo kimoja tu: *gave*. Alitoa. Ukurasa mzima unazunguka hapo. Mwenye kinyume chake amemaliza mtihani."

"Kinyume chake ni nini?"

"Doti tatu za kitenge. Cha nta, sio kile kinachochuja. Pesa sipokei, pesa ina mdomo."

Ekua akatoa doti tatu. Ebo akamwinamia sikioni kama padri anayeungamisha, akamnong'oneza: "*Took*. Alichukua. Usiliseme mbele ya mtu, litaharibika. Na mtoto aache vitabu vingine. Kichwa kikijaa, neno litakosa pa kukaa."

Ekua hakujua Kiingereza. Akalibeba lile neno mdomoni hadi nyumbani kama mtu aliyebeba maji kwenye kiganja. Watu wakamsalimu, hakuitika. Shemeji yake akamuuliza amepatwa na nini, akamsukuma akapita, "tuk, tuk, tuk," kama kuku anayeita vifaranga. Alipofika, akamtemea Araba neno zima, akazifungia daftari zote kabatini.

Kesho yake Ebo akamuuzia Aba Yorke. Huyo akampa *received*, alipokea. Esi Kumah akapata *kept*, alibaki nacho. Mwingine akapewa *withheld*, alizuia, na maskini huyo alifika nyumbani ameuma ulimi. Mjanja alishapiga hesabu yake. Maneno manne, moja halikosi kugonga. Atakayegongewa atamwimba mji mzima. Watakaokosa wataenda kumshtaki wapi? Polisi watawauliza kwanza walikuwa wananunua nini. Chumba chake kikajaa vitenge hadi akawa analala juu yake, na usingizi wake ulikuwa mtamu kuliko wa watu wengi waliookoka.

Basi shangazi mkubwa wa Ekua akafariki, na mazishi yakapangwa Jumamosi. Jumatatu yake ndiyo mtihani. Wanawake wakakusanyika kupika. Aba alikuwa anamenya vitunguu huku midomo inacheza.

"Unasali?" Ekua akamuuliza.

"Nakumbuka tu kitu cha mtoto."

"Kitu gani?"

"Kinaharibika kikisemwa."

Kisu cha Ekua kikasimama. "Kinaanza na *gave*?"

Wakatazamana. Esi Kumah akatua mwiko. Kilichofuata hapo jikoni kilikuwa kama mnada.

"Langu *took*!"

"*Took* ya wapi? Ni *received*!"

"Nyie wote mmeibiwa, la kweli ni *kept*!"

"Na wewe *kept* yako umeipata kwa nani?"

Jibu likatoka kwa wote mara moja: Ebo. Mchuzi ukaanza kuungua.

"Twendeni polisi," Aba akasema.

"Ukaseme nini?" Ekua akamcheka. "Afande, nimeibiwa mtihani niliokuwa nauiba? Kaa chini, mwenzangu. Huyu tumsomeshe sisi."

Ebo alikuwa hapo hapo msibani, amejifunga kitambaa cheusi, analia kuliko wafiwa, maana msibani ndiko kwenye wazazi wengi. Ekua akamfuata, mnyenyekevu kama kondoo.

"Mwalimu, unamwona yule mzee mnene kwenye kiti cha mbele? Kaka yangu wa Tarkwa. Ana shimo la dhahabu na watoto wanane, wote wagumu wa Kiingereza. Nimemwambia habari zako."

Macho ya Ebo yakakauka papo hapo. "Kasemaje?"

"Kasema hafanyi biashara na mtu asiyetangazwa msibani. Si unatujua watu wa huku? Mtu anapimwa kwa alichomletea marehemu."

"Doti moja inatosha?"

"Kwa fukara, inatosha."

Ebo akakodi gari, akarudi nalo limejaa vitenge hadi kwenye buti. Mtangazaji akashika kipaza sauti: "Mwalimu Ebo Tandoh! Doti sita kwa shangazi yetu!" Ngoma zikalia. "Hajamaliza! Doti kumi nyingine!" Wanawake wakampepea kwa leso, wakamwita mfalme, na kila walipomwita mfalme akashusha mzigo mwingine. Mwisho akabaki na kitambaa alichojifunga kiunoni. Familia ikapokea, sala ikasomwa. Kilichotangazwa mbele ya maiti hakirudi kwa aliyetoa. Anayekidai atadaiwa na marehemu mwenyewe, tena huko ambako hakuna wakili.

Ebo akamwendea yule mzee, anatabasamu hadi masikioni.

"Mheshimiwa, nadhani dada amekueleza kuhusu watoto."

"Watoto gani?"

"Wako wanane, wa Tarkwa."

"Mimi? Mimi ni fundi jeneza, ndugu yangu. Nasubiri wamalize kula nipewe changu." Akamtazama toka juu hadi chini, kwa jicho la kazi. "Wewe ni mrefu. Utanila mbao."

Ebo akageuka. Jikoni wanawake walikuwa wanagawana vitenge, kila mmoja anachukua vyake, wanacheka hadi wanashikana mabega. Akafungua mdomo apige kelele za mwizi. Akaufunga. Kelele hizo zingemfikia nani kwanza?

Jumapili mji wote ulicheka. Hata padri. Kwa kicheko hicho, hakuna aliyekumbuka kufungua kabati la daftari.

Jumatatu Ekua alimsubiri binti yake getini pamoja na wenzake, amejifunga kitenge kipya. Araba akatoka wa mwisho, kalamu mkononi, wino umejaa tele.

"Lilikuja lile neno?"

"Halikuja, mama. Yalikuja mengine. Yote yalikuwa kwenye daftari zangu."

Ekua akawa anamfuta mtoto machozi kwa ncha ya kitenge, na mwenyewe anajifuta upande wa pili. Mwanamume mmoja aliyevaa tai, begi kwapani, akawasogelea kwa huruma.

"Pole, mama. Usilie. Mtihani ukishapita, bado kuna matokeo. Na matokeo yana wenyewe."

"Mama, twende nyumbani," Araba akasema, anamvuta mkono.

"Tangulia," akasema Ekua. Akamgeukia yule bwana. "Hebu sema polepole. Wenzangu wale wasisikie."