Vyuo Viwili, Jogoo Mmoja

Jumatatu, 2 Septemba 1996

Redio imesema chuo cha serikali kitafunguliwa Jumatano ya wiki ijayo. Kimefungwa tangu Mei, vijana walipowarushia polisi mawe kwa sababu ya maharagwe. Asiyeripoti siku hiyo anapoteza nafasi. Binti yangu Ayuma ana nafasi huko, kilimo. Anayo pia katika chuo cha binafsi, biashara. Hapa Shieywe hatuna pesa ya chuo chochote. Mshahara wa mwalimu wa historia! Aibu ya taifa!

Nimepima kwa haki. Cha serikali: karo nafuu, lakini migomo hugeuza miaka minne kuwa saba. Cha binafsi: minne ni minne, lakini kila muhula humeza ng'ombe. Kile ni uwanja wa mawe wenye maktaba. Hiki ni duka lenye kwaya. Nimemweleza mke wangu Nasambu kwa saa nzima. Ameuliza kama nimemuuliza Ayuma. Huyu mama haheshimu hoja!

Jumatano, 4 Septemba

Mpango! Kaka yangu mkubwa, Wekesa, analima mahindi Lumakanda. Yuko tayari kulipa, mradi kiwe cha serikali. Anasema vya binafsi ni hospitali ya waliofeli. Shemeji yangu Titus, ndugu wa Nasambu, ana miwa Kabras. Naye atalipa, mradi kiwe cha binafsi. Binti yake Mildred alimaliza huko, na sasa hata akifukuza mbwa ni kwa Kiingereza.

Nimemwambia Wekesa niko upande wake. Nimemwambia Titus niko upande wake. Sijadanganya. Msomi huona pande zote. Wote wawili wakitoa, ziada itachapisha kijitabu changu cha kuilipua Wizara.

Ijumaa, 6 Septemba

Nimewaalika kesho. Wekesa saa sita, Titus saa tisa. Hawatakutana. Jogoo mmoja, nusu kwa nusu. Nasambu ameonya kwamba jogoo ana firigisi moja tu, na kwetu imondo hiyo ni ya mwanamume anayeheshimiwa kuliko wote mezani. Nimecheka. Mila za tumbo!

Jumamosi, 7 Septemba

Balaa. Jogoo alikuwa mzee kuliko katiba. Saa nane bado anachemka. Wekesa hakuondoka. Nani huacha kuku jikoni akarudi Lumakanda? Saa tisa, honi ya pikapu. Titus! Wakaketi wakitazamana kama vyama viwili vya siasa.

Obusuma, ugali wetu, ukaletwa, kisha jogoo, firigisi imelala juu kabisa. Wote wawili wakaitazama. Nimpe Wekesa? Titus angewasha pikapu. Nimpe Titus? Kaka angenilaani. Nikatoa kisu mfukoni. Nikaikata katikati.

Ayuma, aliyekuwa akileta mboga, alirudi nazo jikoni.

Wekesa akauliza ni tangu lini yeye huheshimiwa nusu. Titus akasema kwake hata paka hapewi kipande cha imondo. Kisha Wekesa akamuuliza kwa upole, kwani wewe shemeji umeitiwa nini hapa? Titus akajibu ameitiwa karo ya chuo cha binafsi, Mwalimu ameshakubali. Wekesa akasema haiwezekani, Mwalimu amekubali cha serikali. Wakanigeukia. Nikaanza mhadhara kuhusu uchumi mseto. Sikufika sentensi ya pili. Waliondoka pamoja, katika pikapu moja, wakicheka! Na njaa yao!

Jumapili, 8 Septemba

Habari zilifika kanisani kabla ya mahubiri. Mzee wa kanisa aliniuliza kama na sadaka naikata nusu. Ayuma hajala tangu jana. Amesema, macho chini, kwamba Jumatano ikipita atakaa na mama yake kwenye cherehani sokoni, basi. Nimemwambia asikate tamaa, nina mpango mwingine. Alilia zaidi.

Jumanne, 10 Septemba

Nasambu alikwenda Kabras jana na Ayuma, wamebeba jogoo wawili, kila mmoja na firigisi yake. Akamkuta Wekesa bado yuko huko, anakunywa chai na Titus, wananisengenya kama ndugu wa tumbo moja. Wamepatana kwamba mtoto aamue. Ayuma akaulizwa, akajibu kabla swali halijaisha: kilimo, chuo cha serikali. Wekesa analipa karo. Titus anatoa godoro, na pikapu ya kumpeleka. Nani amewaunganisha wazee hawa? Mimi! Hakuna aliyenishukuru.

Alhamisi, 12 Septemba

Ayuma ameandikishwa. Nasambu anaimba jikoni. Mimi nimefikiri tena, kwa kina. Vya serikali vinafungwa, vya binafsi vinakamua. Nchi hii inahitaji chuo cha tatu. Changu! Sebule itakuwa ukumbi wa mihadhara. Chumba cha Ayuma, Kitivo cha Falsafa. Nasambu ameuliza mtoto atalala wapi akija likizo. Swali dogo.

Nimemwahidi Titus ukuu wa chuo. Nimemwahidi Wekesa pia.

Jioni nimemwandikia Ayuma aage huko upesi, kabla hajazoea. Atakuwa mwanafunzi wetu wa kwanza. Nitampunguzia karo.