Sigara Nene ya Mzee wa Mukuyuni

Jumanne, 12 Agosti

Sijawahi kumwambia mtu yeyote: nikimaliza shule nataka kuwa mwonjaji. Si wa chakula cha kushiba. Wa vitu vya thamani, wale wanaofumba macho kwanza ndipo waseme neno. Nimesoma habari zao katika majarida ya zamani ya maktaba ya shule. Shida ni kwamba hapa Kitui sijapata cha kuonja ila chai.

Leo kimekuja. Ankol Musyimi ametoka Nairobi na sigara nene, majani matupu yaliyosokotwa, ndani ya mrija wa bati unaong'aa. Ni ya Mzee Mutisya wa Mukuyuni, baba yake Mumbua, msichana ambaye Ankol anataka kumwoa. Ujanani mzee alifanya kazi melini. Amesema mbuzi wa ntheo waje kama desturi, maana bila hao binti hajaposwa. Lakini anayempenda Mumbua kwa kweli atamletea pia sigara kama waliyovuta manahodha.

Tunaenda Jumamosi. Binamu yangu Kanyiva atabeba sigara kwenye sinia, kwa sababu ana sauti na haogopi watu. Mimi nitashika kamba za mbuzi.

Mpango: kuandika tathmini ya kitaalamu na kuisoma mbele ya wazee. Kanyiva atakoma.

Jumatano, 13 Agosti

Ankol alipoenda kuoga nikaitoa kwenye koti lake.

Rangi: sikio la ndama. Harufu: kakao, kiti cha mchungaji, zizi baada ya mvua. Kuibinya: imara, yenye adabu. Kuiwasha: haiwezekani. Mama yumo katika chama cha akina mama kanisani na hunusa hata wazo la moshi.

Nikailamba. Ulimi ukafa ganzi. Dunia ikaegemea upande wa Machakos. Kanyiva akanikuta nimelala nyuma ya ghala, akauliza kama Profesa, yaani mimi, amependa mtu. Nikasema ni malaria. Akasema basi huyo malaria ana bahati mbaya.

Alhamisi, 14 Agosti

Janga. Upepo wa Agosti unakausha kila kitu na ganda la sigara limeanza kupasuka. Jarida lasema ihifadhiwe katika kasha la mwerezi lenye unyevu. Hatuna mwerezi. Lakini Susu, nyanya yangu, ana nyungu ndogo chini ya kitanda, mahali penye ubaridi kuliko pote nyumbani. Nimeifunga sigara kwa kitambaa kibichi nikaitia humo. Ndani ya mrija nimeweka gunzi la mahindi ili wepesi usimshtue Ankol. Kesho jioni narudisha. Kazi safi.

Ijumaa, 15 Agosti

Nyungu tupu. Susu anapiga chafya kwa furaha.

Nikamuuliza kwa heshima kama ameona kitu. Akasema ameona upendo. Mwanawe Musyimi, ambaye yeye Susu alidhani Nairobi imemmeza, amemletea tumbaku na kuiweka palepale Susu anapoweka yake, bila makelele, kama mtu aliyelelewa. Basi Susu ameikausha kwenye kigae, ameisaga na magadi. Sasa ni ugoro.

Sikujua nyungu ile ni ya tumbaku. Kumbe pua yangu ina kasoro.

Akanikaribisha nionje. Nikasema nina hesabu za likizo. Akanitilia kidogo kwenye karatasi, akasema hesabu haijawahi kumfungua mtu kichwa.

Jumamosi, 16 Agosti

Mukuyuni. Kanyiva akapiga magoti na sinia, akahutubia vizuri mno. Mzee Mutisya akafungua mrija. Gunzi.

Mzee akauliza kwa upole kama kwao Kitui binti huombwa kwa chakula cha ng'ombe. Wazee wake wakaanza kuvaa kofia. Mumbua akamtazama Ankol. Ankol akawa rangi ya sikio la ndama.

Nikasimama bila kuamua. Nikasoma tathmini yote, pamoja na kiti cha mchungaji. Kisha nikatoa karatasi ya ugoro na kusema sigara yenyewe ndiyo hii, isipokuwa imesagwa.

Mzee akatia puani. Tukasubiri. Alipiga chafya mpaka mbuzi wakakata kamba. Alipofuta machozi alisema manahodha walikuwa wanapoteza wakati. Ntheo imepokelewa. Ila kwa lile gunzi akatoza faini ya mbuzi mmoja, na Ankol akasema atatoka kwangu. Ni yule mweupe niliyemlea kwa chupa.

Jumapili, 17 Agosti

Ankol hanisemeshi. Kanyiva ananisemesha sana.

Mzee Mutisya ametukabidhi asali, imezibwa kwa nta, ipelekwe Tseikuru kwa kaka mkubwa wa babu, ambaye ataongoza harusi. Amesema huyo wa Tseikuru ndiye wa kuifungua.

Wote walipojiandaa kwenda kanisani nilisema kichwa kinaniuma. Nilingoja lango lifungwe. Nikachukua kisu cha jikoni, nikapasha ncha yake moto, nikazungusha polepole pembezoni mwa nta. Kisha nikafumba macho.