Mbuni Asiyezaa Kahawa

Jumatatu, 7 Julai. Sabasaba.

Mheshimiwa kafika. Salama, miguu mizima, shingo nzima. Kashushwa kwenye lori la mahindi hapa Maguu mchana kweupe, kijiji kizima kikitazama. Ni mbuni. Ndege mrefu kuliko mlango wangu. Kibali cha maliasili nimekibandika ukutani, pembeni ya kalenda ya parokia.

Mke wangu Zita bado yuko Liuli, ziwani, anamuuguza mama yake. Ruhusa yake ninayo. Nilimpigia simu nikamwambia nataka kuleta mbuni kwenye shamba lake la chini. Akafurahi mno. Akasema lete, Baba Careen, hata kesho. Nilijua amefikiria miche ya kahawa. Yeye Mnyasa, mimi Mmatengo, tunaelewana kwa Kiswahili. Sasa kama Kiswahili kinamwita ndege mbuni na mti wa kahawa nao mbuni, kosa si langu.

Jumanne, 8 Julai.

Mbuni anataka tambarare. Kwetu ni milima, na milima yote ni ngoro, yale mashimo yetu ya kulimia, shimo kando ya shimo mpaka kileleni. Hata mbuzi hupita kwa adabu. Tambarare ni hapo chini tu, penye mibuni ya Zita. Nimeing'oa. Ilikuwa na matunda mekundu, ya kuchumwa wiki hii. Zita aliipanda mwaka tuliomzika Careen, binti yetu. Nimefanya haraka, bila kuangalia sana.

Alhamisi, 10 Julai.

Kaja Tumsifu, afisa mifugo wetu, mtu wa Moshi. Kasema mbuni hana meno, apewe kokoto za kumsagia chakula tumboni. Nimempa. Kasema niokote misumari na vifuniko vya soda, maana humeza kila king'aacho. Tayari kameza kifungo cha shati langu la kanisani. Kasema tena huyu ni ndege wa kundi, peke yake atanyong'onyea. Nikamwambia hayuko peke yake, yuko na mimi.

Nikamuuliza mayai nitegemee lini. Akasema manyoya meusi na ncha nyeupe za mabawa, hilo ni dume. Jirani yangu Raimundi, mfuga bata mzinga, alikuwa ameegemea uzio. Alicheka mpaka akakaa chini. Ana wivu huyo, basi tu.

Jumamosi, 12 Julai.

Leo Mheshimiwa kapiga magoti, kafungua mabawa, kayayumbisha kulia na kushoto huku kichwa kikigonga mgongo. Nikampigia Tumsifu nikidhani ni degedege. Kasema hapana, anaposa. Mbuni aliyelelewa na watu huposa watu. Nikafarijika sana. Halafu nikageuka, nikaona anamchezea Raimundi.

Mimi ndiye niliyemkatia kabichi. Mimi ndiye ninayembadilishia maji na kumtandikia majani makavu kwa ajili ya baridi hii. Anamposa Raimundi. Nimeumia, sisemi uongo. Nyumba hii imekuwa kimya tangu Careen. Nilitaka kitu kimoja tu kinikimbilie nikifungua mlango.

Jumapili, 13 Julai.

Zita kaja bila taarifa. Kateremka barabarani watu wakitoka misa, kabeba usipa, dagaa wa ziwani, na mpini mpya wa jembe, zawadi yangu kwa ajili ya kupanda. Kasimama shambani. Kauliza mibuni yake iko wapi. Nikamwonyesha Mheshimiwa. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejitetea.

Nikaona nimfurahishe. Nikafungua uzio aone mbio. Na Mheshimiwa alikimbia kweli, vizuri kuliko nilivyowahi kumwona, akaimaliza tambarare yote, akapandisha kwa Raimundi, akaingia kwenye ngoro. Mfupa niliusikia toka nilipokuwa.

Tumsifu kaja na pikipiki. Kasema kwa mguu ule hakuna la kufanya ila kumpumzisha. Akaomba soksi ya kumvika kichwani, kwa sababu mbuni asipoona hutulia. Sikuwa na soksi isiyo na tundu. Zita akakata mkono wa sweta lake, akamvisha mwenyewe, akamshika shingo mpaka mwisho huku akimwambia pole. Raimundi alivua kofia. Mimi nililia, nikalia na yale ambayo sikuyalilia siku ya mazishi.

Jumatatu, 14 Julai.

Zita karudi Liuli. Kasema hajaniacha, kachoka. Nichimbe mashimo ya kahawa palepale nilipong'oa, niweke samadi, naye atarudi tungojee mvua tupande pamoja. Asipoyakuta, atabaki kwa mama yake. Kasema hivyo taratibu, akiniangalia usoni. Nimeapa kwa jina la Careen.

Alhamisi, 24 Julai.

Mashimo tayari. Raimundi kanisaidia toka la kwanza hadi la mwisho, wala hakucheka. Nimempigia Zita. Akasema ahsante, mume wangu. Hajaniita hivyo muda mrefu. Jumamosi anakuja na mizigo yake yote. Nilikaa chini palepale kwenye udongo.

Nimetafakari sana kilichomuua Mheshimiwa. Ni ile miguu. Somo nimelipata na sitalisahau: ndege asiyeruka, awe mfupi. Nimemuuliza Tumsifu kama wapo wafupi. Akasema yupo pengwini, wala kukimbia hajui, na wengi wao hupenda baridi. Baridi Maguu ipo ya kugawa. Kilichopungua ni maji.

Mashimo ya kahawa ya mbele nimeyaunganisha leo asubuhi, yote, nikayaelekezea maji ya mfereji, na bwawa limeanza kujaa. Zita atashangaa. Hajawahi kumwona pengwini.