Faida ya Kumi na Tatu ya Uyoga

Jumatatu, 2 Oktoba

Kaswera ameondoka. Ameenda Vuhovi kwa mama yake: mtoto wetu Jokébed mgongoni, sufuria kubwa kichwani, mwavuli wangu mkononi. Sababu ni mashini yake ya kushona. Wiki iliyopita niliipeleka Beni kwa Jamali, na Jamali akanipa katoni nzima ya unga wa uyoga wa dawa. Mimi naita hiyo biashara. Kaswera ameiita jina lingine, kwa Kinande, kwa sauti. Majirani wote ni Wanande.

Mlangoni alisema: "Mashini irudie hapa, Papa Jokébed, ao miye hapana rudia."

Hataki kuelewa. Alikuwa hivihivi wakati wa mayai ya kware. Na wakati wa sungura. Sungura ilikuwa bahati mbaya tu.

Nyumba imekuwa kimya sana. Nimefungua mkebe wa kwanza ili nipate la kufanya. Ndani kuna karatasi ya rangi yenye faida kumi na mbili: damu, ini, figo, sukari, tension, usingizi, viungo, macho, ngozi, tumbo, kumbukumbu, na nguvu za baba. Nimekoroga kijiko katika maji ya moto. Ladha ni ya shamba lililolimwa jana. Vizuri! Dawa ikiwa tamu mimi huishuku.

Jumanne, 3 Oktoba

Sokoni hapa Butembo tangu asubuhi. Meza, kitambaa cheupe, mikebe imepangwa kama mnara. Nimevaa koti la harusi.

Vagheni seremala alisimama, kashika kiuno. Nikamsomea faida zote. Akauliza nimeponya nani. Nikasema ni mapema mno kutaja majina. Akasema nikipata jina nimwite, akaenda zake na kiuno chake.

Halafu mama mmoja wa Mangina, muuza ndizi. Aligeuza mkebe juu chini. Umetengenezwa wapi? Laboratoire gani imeupima? Unaisha lini? Kwao Mangina, tangu miaka ile ya Ebola, watu hawafungui mdomo kabla ya kuuliza. Nikamwambia hiki ni kitu cha asili kabisa. Akanijibu kwamba hata muhogo mchungu ni wa asili, na kuna watu umewazika. Wateja wangu wawili walikuwa wanasikiliza. Walikuwa wateja.

Nimempigia Jamali simu. Jamali ana depo kule Beni, commune ya Ruwenzori, na anaongea taratibu, kama mtu aliyeshiba. Alisema kosa langu ni moja: sina ushuhuda. Mtu mmoja anayejulikana akipona, akasimama mbele za watu akasema, mtaa mzima utanunua.

Mtu anayejulikana. Mgonjwa. Mwenye mdomo.

Mama mkwe!

Mama Kavugho ana tension, damu inampanda, tangu nimjue. Kaswera anasema ilianza nilipoposa, lakini huo ni uchokozi. Nikimponya, atashuhudia. Akishuhudia, katoni itaisha. Katoni ikiisha, mashini itarudi, na mashini ikirudi, Kaswera naye atarudi. Mpango huu hauna tundu hata moja.

Alhamisi, 5 Oktoba

Vuhovi. Pikipiki ilizama kwenye tope mara nyingi, motard aliyeiendesha akanishusha nisukume, kisha akanidai nauli yote.

Lévi alikuwa amekwisha kufika. Lazima! Lévi ameoa dada mkubwa wa Kaswera. Anauza mabati. Viatu vyake havijui tope. Alikuwa ameleta makayabo, samaki wale wa chumvi, fungu zima limefungwa kwa kamba, maana Mama Kavugho anayapenda kupita kiasi. Alinipa mkono kwa vidole viwili.

Sasa, kwetu mkwe haingii jikoni kwa mama mkwe. Hamwangalii akila. Hampi kitu mkononi. Ni heshima, na mimi nina heshima nyingi. Lakini kwa mganga ni shida kubwa. Nilimpa Kaswera mkebe, Kaswera akaupeleka jikoni, mimi nikabaki uani nikipaza sauti kuelekea ukutani: kijiko asubuhi, kijiko jioni, maji ya moto, bila kukosa!

 Kisha sauti ya Mama Kavugho ikamtuma Kaswera aniulize kama kweli ni uyoga. Nikajibu uyoga mtupu, haujachanganywa na chochote. Sauti ikasema vizuri. Nilifurahi sana. Mgonjwa mwenye imani ni nusu ya kazi.

Nikaongeza kwamba sasa anaweza kupumzisha zile comprimé za centre de santé, vidonge vyake vya kila siku.

Kaswera alitoka mwenyewe. Hakupaza sauti. "Comprimé ya mama hapana gusa. Ukirudilia ile neno, hata mulango ya hapa hautauona tena."

Lévi alikuwa anaangalia kucha zake na kutabasamu. Jokébed alinikimbilia, akaonja kifungo cha koti langu, akarudi kwa mama yake. Nimerudi Butembo na kifungo chenye mate. Sijakifuta.

Jumapili, 8 Oktoba

Baada ya misa nimekwenda tena Vuhovi, kukagua matibabu.

Sikuweza kukagua chochote. Nimekaa salon chini ya picha ya Bikira Maria, nimeletewa bugali na sombe. Nimekula majani ya muhogo tangu nilipoota meno. Ile haikuwa sombe niliyozoea. Ilikuwa nzito, ina utamu wa chini kabisa, unaokuja ukishameza. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya figo na ini. Hotuba iliniishia mdomoni. Sahani ya kwanza, ya pili, ya tatu. Sikusema kitu. Makayabo ya Lévi yalikaa pembeni, hayakuguswa na mtu. Lévi aliyaangalia kwa muda mrefu.

Wakati wa kuaga nilimuuliza Kaswera kwa sauti ya chini: Mama anachukua ule unga? Akasema sana. Mkebe umefika nusu.

Nusu! Kwa siku hizi chache! Nilitaka kumkumbatia, lakini alikuwa ameshika mwiko.

Niliporudi nimelala usingizi wa mchana, vizuri ajabu. Goti langu la kushoto, lililokuwa likilia tangu mwaka jana, limenyamaza. Sombe nzuri hupumzisha mwili.

Jumatano, 11 Oktoba

Siku mbaya. Naandika kwa utulivu.

Nilikwenda Vuhovi kurekodi ushuhuda. Nilikuwa nimechaji simu, nimemwandikia Mama Kavugho maneno ya kusema, pamoja na mahali pa kulia kidogo.

Uani niliwakuta mama wa shirika lao la sala, wamekaa kwenye magunia, kila mmoja ana kipande cha karatasi mkononi. Kaswera alikuwa anawagawia unga wangu kwa ncha ya kijiko. Nikauliza wanaumwa nini. Wakacheka mpaka mmoja akashika ukuta. Hakuna anayeumwa. Wanapeleka nyumbani kwa ajili ya mboga.

Mboga!

Yaani mama mkwe wangu hakunywa hata kijiko kimoja. Ameutia kwenye sombe. Kwenye maharagi. Kwenye kila kinachochemka. Jumamosi shirika lilisali nyumbani kwake, akawalisha maharagi, na sasa Vuhovi nzima inataka kujua siri. Nilimtuma Kaswera jikoni aulize kwa nini, lakini mara hii Mama Kavugho alijibu mwenyewe kupitia ukuta, polepole, kama anayemwonea mtu huruma: "Mukwe, uyoga banapikaka. Nani anakunywaka uyoga?"

Ndipo nikaikumbuka ile sombe. Sahani tatu. Nilikula mgonjwa wangu, dozi yangu na ushuhuda wangu, na nikalamba vidole.

Kaswera alisema tumalize shida yote leo: nilete katoni, watauza kwa kijiko sokoni Vuhovi kama kiungo cha mboga, na kwa pesa hiyo mashini itatoka Beni. Mama wa shirika wakaitikia wote. Nilisimama. Niliwaambia kwamba hii ni dawa yenye faida kumi na mbili na mimi si muuza chumvi. Siwezi kushusha ini na figo mpaka kwenye sufuria. Kuna heshima ya kazi.

Kaswera aliniangalia. Akauliza tu kama katoni bado iko chini ya kitanda.  Nadhani macho yangu yalimjibu.

Ijumaa, 13 Oktoba

Katoni haiko chini ya kitanda.

Nilikuwa sokoni kugawa karatasi za faida. Nimerudi, mlango umefungwa vizuri, sakafu imefagiliwa, vyombo vimeoshwa. Mwizi wa namna gani anafagia? Amebakiza mkebe mmoja juu ya meza, na pembeni sahani ya maharagi iliyofunikwa, bado ya moto.

Nimekataa kuyala. Kwa muda. Yalikuwa matamu kiasi cha kuudhi. Nimekula nimesimama ili isihesabike kuwa nimekubali.

Kitu kimoja kinanisumbua. Alipita hapa, akapika hapa, na hakunisubiri. Kanga yake ya zamani bado iko kwenye msumari. Nimeikunja. Nimeikunjua. Nimeirudisha kwenye msumari.

Jumamosi, 14 Oktoba

Habari mbili.

Ya kwanza ni Jamali, kwa simu. Jana jioni mwanamke mmoja aliingia depo yake kudai mashini ya kushona. Alilipa yote; alisema mama wa shirika walikwisha kuinunua katoni nzima. Alibishana mpaka Jamali akaongeza sindano, uzi na kipande cha kitambaa. Jamali alimwomba awe mwakilishi wake Butembo. Akakataa. Jamali alitaka kujua kama namfahamu. Nikasema kidogo.

Ya pili ni Lévi. Nilimkuta barabarani, viatu vina tope! Alikuwa ametoka Vuhovi kumpeleka Mama Kavugho centre de santé. Tension imeshuka. Muuguzi aliuliza nini kimebadilika, na Mama akasema chumvi: tangu mboga iwe na ladha yake yenyewe haweki chumvi, na makayabo ameyaacha, hayana kazi tena. Muuguzi akafurahi, akamwambia aendelee hivyohivyo na comprimé zake asiziache.

Lévi alinieleza haya huku anaangalia milima. Kumbe miaka yote alikuwa anamletea mama mkwe wetu ugonjwa, umefungwa kwa kamba. Sikumwambia hivyo. Nilimwambia pole. Nilimwambia mara kadhaa.

Donc faida ya tano, tension: imethibitishwa. Nimeweka alama.

Jumapili, 15 Oktoba

Amerudi.

Nilisikia pikipiki mbili. Ya kwanza ilibeba mashini. Ya pili ilimbeba Kaswera, na Jokébed kifuani, na mwavuli wangu. Nilipokea mwavuli kwanza, kisha Jokébed. Nilikuwa nimemkosa sana, na ninaandika hivyo kwa kuwa ni kweli.

Nilidhani amerudi kwa sababu ya tension. Hapana. Nilimuuliza. Alikuwa anafungua kitambaa cha Jamali, hakuinua macho.

"Mama anasema, siku ya sombe, ule mukwe alikula saani tatu na hakusema hata neno moja. Anasema mutu wa vile bado anaweza kutengenezeka."

Masharti: hakuna katoni nyingine ndani ya nyumba. Nimeapa. Pia ameifunga mashini kwa mnyororo kwenye mguu wa kitanda, kufuli kubwa, na ufunguo umening'inia shingoni mwake, pamoja na rozari. Nikasema mnyororo ni matusi. Akasema ndiyo.

Jioni ameshona gauni dogo la Jokébed. Sauti ya mashini imejaza nyumba. Nimekaa nikisikiliza na sikuwa na wazo lolote kichwani. Raha ya ajabu.

Jumatatu, 16 Oktoba

Nimeamka na wazo.

Tutazame mambo kwa utulivu. Mke alikuwa ameondoka. Mume akala uyoga. Mke akarudi. Mama mkwe mwenyewe anashuhudia, tena mbele ya shirika zima! Butembo ina wanaume wangapi wenye sufuria tupu na mke aliye kwa mama yake? Hakuna dawa yao sokoni. Hakuna hata karatasi.

Nimechukua kalamu. Chini ya nguvu za baba nimeandika: *Kumi na tatu: hurudisha mke.* Inapendeza. Nimempiga Kaswera picha ya ushuhuda akiwa anashona. Amekunja uso, lakini uso uliokunjwa huaminika zaidi.

Jamali amefurahi sana. Ana katoni mpya, kubwa. Swali lake ni lilelile: nitampa nini? Nimemweleza habari ya mnyororo. Na kuhusu kiapo, nimekipima vizuri: niliapia katoni ndani ya nyumba tu. Hii itakaa kwa Vagheni seremala.

Kaswera ananiita nije kula. Ni sombe, naisikia harufu yake kutoka hapa. Nimejibu naja, namalizia tu simu. Nilikuwa namuuliza Jamali kama anapokea vitanda. Chetu ni cha libuyu, mbao ngumu, kizito, kizuri, na mashini imefungwa kwake imara kabisa. Havitapoteana njiani.